Kurasa Mbili

Wamesema kurasa mbili, zisizidi.
Juu kabisa jina, kwa herufi nene:
ZUWENA FAKI MBAROUK.
Sijawahi kuliona nene hivi,
hata kwenye cheti cha kuzaliwa, ambako karani wa Wete
aliandika Zawena, na baba akasema
iache, mtoto ni yule yule.
Sasa vyeti vyangu havisalimiani,
na nimeambatisha kiapo cha mahakama
kuthibitisha kuwa mimi ni mimi.

Elimu. Unaanza na ya mwisho, unarudi nyuma,
kama anayeshuka ngazi kinyumenyume.
Shahada ya kwanza, sayansi ya mazingira, daraja la pili la juu.
Kidato cha sita. Kidato cha nne.
Chuo cha Maalim Hija, pale Jadida, hakimo.
Si chuo wanachokiulizia,
ingawa ndiko nilikojifunza kukosea mbele ya watu
na kurudia aya mpaka ulimi ukubali.

Halafu pengo.
Dokta Shaame, aliyenisomea rasimu, amelizungushia wino mwekundu:
2019 hadi 2021, ulikuwa wapi? Kamati haipendi mashimo.

Nilikuwa Mkoani, wodi ya wanaume, kisha nyumbani,
na daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi.
Asubuhi na magharibi nilimtoboa baba kidole:
tarehe, saa, kiwango cha sukari, alichokula.
Muhogo wa kuchemsha. Changu mmoja.
Tende tatu alizodhani sikuziona.
Siku mia sita na kumi na moja,
wala safu moja haikuruka.
Sijakusanya tena takwimu safi kama zile.
Siku ya mwisho nimeandika saa tu.

Andika "majukumu ya kifamilia", Dokta akashauri.
Maneno matatu. Yameenea mstari mmoja, na nafasi ikabaki.

Uzoefu wa utafiti. Hapa anataka vitenzi vyenye misuli:
nilibuni, nilichambua, niliongoza.
*Niliongoza mahojiano na wakulima wa mwani arobaini na watatu, Tumbe,
kuhusu kuoza kwa mwani nyakati za joto.*
Umeme ukakatika.
Betri ya laptopu ya Nassor ilikufa zamani;
umeme ukienda, na mimi nimekwenda.
Gizani nikampigia Bi Time Khatib,
maana wadhamini wametakiwa watatu, wenye barua pepe za taasisi,
na yeye ana simu ya tochi
na mjukuu anayemsomea ujumbe.
Nilitaka tu kumwambia kwamba ningemweka.

Nikamsomea nilichokikumbuka, nikimgeuzia Kiswahili.
Akanyamaza. Kisha:
"Arubaini na wangapi?"
"Watatu."
"Wee mwana, wongo huo. Mize kaja kunywa chai tu.
Kamba hana, hata kigingi hana."

Umeme uliporudi nikalifukua boksi la dodoso.
Mize Juma, namba kumi na saba.
Swali la kwanza: kama wenzangu.
La pili: kama wenzangu.
La tisa: kama wenzangu, na chai nzuri.
Miaka minne nimetembea naye kwenye asilimia zangu,
sura ya nne yote imemkalia mgongoni.

Saa sita kasorobo usiku. Saa sita wanafunga.
Nafuta watatu, naandika wawili.
Nafuta niliongoza. Nakaa. Nilikuwa nimesimama
maji magotini, karatasi nimeinua juu ya kichwa,
na mwanamke ananikunjia tawi la mwani kidoleni
nisikie linavyolegea kabla halijawa jeupe.
Naandika: *nilifundishwa*.
Dokta atalizungushia wino. Aje alizungushie.
Na mwisho wa mstari: *pamoja na Bi Time Khatib Kombo.*

Kompyuta inapiga wekundu chini ya Khatib,
chini ya Kombo, chini ya jina langu lote, herufi nene na kiapo chake.
Time imeiacha.
Inadhani inalijua.